Affinity Photo na jua la Kigamboni

"Dada, nyumba ni yenyewe, ila hapa si Kigamboni."

Mzee aliyesema hivyo alikuwa amenipa ramani ya nyumba ya vyumba vinne, nimtengenezee picha za kuwaonyesha wanawe kabla hajachimba msingi. Vipimo vilikuwa sawa, vigae vilikuwa sawa, hata mkungu ulioko kwenye kona ya kiwanja chake niliuweka. Alichokikataa ni mwanga. Nilimwambia picha ni ya saa sita mchana, lakini nguzo za baraza zilitupa vivuli virefu kuliko zenyewe, na ukuta mweupe ulikuwa na ubluu wa baridi. Mtu aliyekulia pwani anauona ubluu ule mara moja, hata asipojua kuueleza.

Alisema kweli. Mbingu niliyotumia kuimulika nyumba yake, yaani picha ya pande zote inayoitwa HDRI, ilipigwa Ulaya ya kaskazini wakati wa baridi. London mwezi Desemba jua la mchana linaishia nyuzi 15 tu juu ya upeo. Dar es Salaam mwezi huohuo linapanda hadi nyuzi 73. Mwanga wa kule ukiumwaga juu ya nyumba ya huku, mwenye kiwanja lazima ashtuke. Tangu siku ile nikaanza kupiga mbingu zangu mwenyewe, na ndipo nilipohitaji programu ya kuzitazama na kuzihariri. Nimeifanya kazi hiyo kwenye Affinity Photo, toleo la 2, kwa zaidi ya mwaka sasa. Nataka niieleze kwa kina, kwa sababu sijaona mtu aliyeieleza kwa lugha yetu kwa kazi hii hasa.

Kwa ambaye hajakutana nayo: HDRI ya aina hii ni picha inayozunguka pande zote, nyuzi 360 kwa mlalo na 180 kwa wima, iliyokunjuliwa kama tufe la dunia linavyokunjuliwa kuwa ramani ya ukutani. Upana wake ni mara mbili ya kimo. Panorama ya simu inahifadhi rangi, hii inahifadhi kiasi cha mwanga. Kwenye JPEG kila rangi ina ngazi 256 na nyeupe ndiyo mwisho wa safari, kwa hiyo shati jeupe, wingu na jua lenyewe vinaweza kugota vyote kwenye 255. Kwenye faili ya biti 32 shati linaweza kuwa 0.8, wingu 3, na jua likawa makumi ya maelfu. Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ukiipa faili hiyo inajua mwanga unatoka upande gani na kwa nguvu gani, na kivuli kinajitokeza chenyewe bila wewe kuweka taa hata moja. Njia hii ya kumulika vitu vya kompyuta kwa mwanga uliopigwa picha mahali halisi ilielezwa na Paul Debevec mwaka 1998, na ndiyo inayonilisha leo.

Vifaa vyangu ni vya kawaida. Kamera ya kihisi kidogo, lenzi ya jicho la samaki ya milimita 8, traipodi yenye kichwa cha panorama kinachozungusha kamera bila kuuhamisha mlango wa mwanga wa lenzi. Napiga pande sita kuzunguka, moja juu, moja chini, na kila upande eksposha saba, yaani picha saba za viwango tofauti vya mwanga. Ni picha 56 kwa mbingu moja. Naziunganisha kwenye Hugin, ambayo ni ya bure na inafahamu kwamba eksposha saba za upande mmoja ni picha moja. Inanitolea faili ya EXR, aina inayohifadhi kiasi cha mwanga, yenye upana wa pikseli 8,192. Hadi hapo Affinity haijaingia. Inaingia pale ninapokuwa na panorama nzima iliyojaa kasoro: miguu ya traipodi chini, kivuli changu mwenyewe, na bodaboda aliyepita nikiwa nazungusha kamera, akabaki mara tatu barabarani kama mzimu.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifunza niiulize nini programu ya picha. Panorama yangu ya kwanza niliifungua kwenye programu nyingine, ambayo iligeuza faili kuwa ya biti 8, kama JPEG, bila mimi kufahamu maana yake. Nikafuta traipodi vizuri sana, nikahifadhi, nikapeleka Blender. Nyumba ikatoka imelala. Kulikuwa na jua kwenye picha, unaliona kabisa kwa macho, lakini chini ya mwembe hakukuwa na kivuli cha maana, kama siku ya mawingu mazito. Nilikaa siku mbili nikibadilisha mipangilio ya kurenda (kuitoa picha ya mwisho) kabla sijagundua kwamba jua langu lilikatwa kichwa. Lilikuwa limeshushwa hadi nyeupe ya kawaida, sawa na mfuko wa saruji uliokuwa kando ya tofali. Nilichokuwa nimepeleka Blender ni picha ya jua, mwanga wake ulikuwa umebaki nyuma.

Affinity Photo inaifungua EXR na HDR ya Radiance, aina nyingine ya faili ya mwanga, zikiwa biti 32 na inaziacha hivyo. Brashi ya kunakili inafanya kazi humo, brashi ya kuziba kasoro inafanya kazi, leya (tabaka) za marekebisho zinafanya kazi, na mwishoni unatoa EXR au HDR nyingine. Nasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu programu nyingi zinakubali kuifungua faili ya biti 32 kisha zinakufungia nusu ya vyombo. Hata Photoshop, yenye sifa zote zile, ukiwa kwenye biti 32 kwa kila rangi kuna vichujio na marekebisho kadhaa vinavyozimwa, na Adobe wenyewe wameliandika hilo kwenye maelekezo yao.

Jambo la kwanza ninalolifanya kila nikifungua faili ni kwenda kwenye paneli inayoitwa 32-bit Preview. Ina kitelezi cha eksposha. Nakivuta kushoto pole pole: ardhi inazama gizani, kisha minazi, kisha bahari, kisha mawingu, na mwisho kinabaki kiduara kimoja cha jua kwenye weusi mtupu. Kila stopu moja ni nusu ya mwanga uliotangulia, kwa hiyo stopu kumi ni kugawanya kwa 1,024. Jua lililopigwa vizuri bado linang'aa hapo. Jua lililokatwa linafifia likawa sahani ya kijivu iliyo bapa, na ukiona hivyo, usihangaike na kingine chochote, rudi kiwanjani au litengeneze upya. Kipimo hiki kinachukua sekunde kumi na hakuna kingine nilichokitegemea zaidi ya hicho.

Angalizo: kitelezi kile hakibadilishi faili. Kinabadilisha kile unachokiona tu. Ukitaka kupunguza mwanga kweli, weka leya ya marekebisho ya eksposha. Nimemfundisha binti mmoja anayejifunza kazi ofisini kwetu na jambo hili ndilo lililomchanganya kuliko yote, akidhani ameshapunguza mwanga wa mbingu, kumbe alikuwa amepunguza wa kioo chake.

Sasa nifike kwenye kile kinachonifanya niipende programu hii. Kwenye menyu ya Layer kuna Live Projection, na ndani yake unachagua Equirectangular. Picha iliyokuwa imekunjuliwa kama ramani inajikunja tena, na wewe unakuwa umesimama katikati ya kiwanja. Unavuta kwa kipanya, unageuka. Unaangalia mashariki, bahari ile pale; unageuka nyuma, mivinje; unainamisha shingo, miguu ya traipodi kati ya miguu yako. Na ukiwa umesimama hivyohivyo, unachukua brashi unapaka. Unachopaka kinakwenda mahali pake kwenye picha iliyokunjuliwa, kikiwa kimepindishwa inavyotakiwa.

Mtu ambaye hajahariri panorama anaweza kuona ni urembo tu. Afikirie sakafu. Kwenye picha iliyokunjuliwa, pointi moja iliyo chini kabisa ya traipodi imetandazwa ikawa mstari mzima wa pikseli 8,192. Miguu mitatu ya traipodi inaonekana kama vilima vitatu vyeusi vilivyonyooshwa upande kwa upande. Ukijaribu kuvifuta hapo kwa kunakili mchanga wa pembeni, ukija kuikunja unakuta mchanga wako umegeuka mistari inayokimbilia katikati kama mbavu za mwavuli. Ndani ya Live Projection ninainama tu, naona mchanga kama mchanga, nanakili mchanga, basi. Kazi iliyokuwa inanichukua mchana mzima inachukua dakika kumi na tano. Yule bodaboda watatu nilimfuta namna hiyohiyo, nikamwachia mmoja kwa sababu barabara ya Kigamboni bila bodaboda hata mmoja haiaminiki.

Halafu kuna suala letu sisi wa karibu na ikweta, ambalo kwenye mafunzo ya wenzetu wa kaskazini sijalikuta. Dar es Salaam iko kama nyuzi 6.8 kusini. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa, na Oktoba linafika hapo saa sita na dakika kama kumi. Nilikwenda kiwanjani kwa yule mzee siku ya namna hiyo kwa makusudi. Nilipofungua panorama iliyokunjuliwa, jua halikuwepo. Nilitafuta kiduara, hakuna. Jua lina upana wa karibu nusu ya digrii, ambayo kwenye faili ya pikseli 8,192 ni pikseli 12 tu. Likikaa utosini, zile pikseli sita za juu zinatandazwa kwenye upana wote wa picha. Jua zima la Oktoba lilikuwa limekuwa uzi mweupe kwenye ukingo wa juu, na mng'ao wake kama pazia linaloshuka toka dari.

Ukihariri uzi ule ukiwa umekunjuliwa, umeharibu jua. Ukikata ukingo wa juu kidogo ili "kusafisha" picha, umelitoa kabisa. Kwenye Affinity nilitazama juu, nikalikuta limekaa duara, kamili, na doa la kijani la lenzi kando yake. Nikaziba doa, jua sikuligusa. Nilipoimulika ile nyumba kwa mbingu hiyo, kivuli cha paa kilishuka wima kikalala chini ya ukingo wa paa, nguzo za baraza zikabaki na vivuli vidogo miguuni, na ukuta ukapata ule uweupe unaoumiza macho. Yule mzee aliishika simu yake akaitazama picha muda mrefu, kisha akaniuliza kama baraza liongezwe upana, maana aliona jua la mchana litafika kwenye viti. Liliongezwa sentimita 60.

Kuna siku jua linakuwa limekatwa kweli. Eksposha yangu fupi haikutosha, au nilisahau kichujio cheusi cha lenzi. Ninachofanya ni kuzungushia uteuzi wa duara kwenye kile kiduara cha jua, naweka leya ya eksposha kwa sehemu hiyo peke yake, napandisha stopu sita, ambayo ni mara 64, narenda mpira mweupe na kijiti kwenye Blender, nalinganisha na picha ya kijiti nilichosimamisha kiwanjani. Nikiona kivuli bado kimelegea naongeza. Ni kukadiria, ndiyo, lakini ni kukadiria kwa kipimo mkononi. Ili nijue jua zima linavyopaswa kuwa, nilijifunza kwanza kwa mbingu za Poly Haven, maktaba iliyoanzishwa na Greg Zaal wa Afrika Kusini kwa jina la HDRI Haven. Zote ziko chini ya leseni ya CC0, unazitumia hata kwa biashara bila kuomba ruhusa. Fungua moja ya mchana wenye jua, tembeza kishale juu ya jua huku ukisoma thamani kwenye paneli ya Info, na utajua lako limepungukiwa kiasi gani.

Yapo ya kuangalia. Live Projection inakuonyesha mtazamo mmoja, na vichujio vinavyopita picha nzima, kama ukungu (blur) au kunoa, ni bora uvipitishe ikiwa imekunjuliwa. Hapo ukingo wa kushoto haumjui wa kulia ingawa kwenye tufe ni majirani wa kugusana. Ukiweka ukungu kisha ukaikunja, utaona mshono wima nyuma yako. Dawa ni kichujio cha Affine, kilichomo kwenye Distort: unaisogeza picha nusu ya upana wake huku ukichagua izunguke, mshono unakuja katikati, unauziba, unairudisha. Pia, fanya kazi kwenye nakala ya leya kila mara. Na usikuze mno unapopaka ndani ya mtazamo, kwa sababu pikseli zinapopindwa na kurudishwa zinalegea kidogo, na mchanga uliozibwa unaonekana laini kuliko wa jirani.

Ile sehemu ya Tone Mapping niwaombe vijana wenzangu waielewe. Inavutia. Mawingu yanapata misuli, bahari inapata rangi, na picha inakuwa tamu kwa kuposti. Lakini kazi yake ni kulibana jua na kivuli viingie kwenye kioo kimoja, yaani inaondoa kilekile ulichokifuata kiwanjani. Hata unapounganisha eksposha kwa HDR Merge kuna kisanduku kinachoiita sehemu hiyo, kiondoe alama. Picha ya kumuonyesha mteja itengenezee nakala yake. Faili ya kumulikia ibaki na ubaya wake.

Wenye mashine ndogo wapige hesabu kabla. Pikseli 8,192 kwa 4,096, kila moja na rangi tatu na uwazi wake, kila thamani baiti nne, ni MB 512 kwa leya moja. Ukiweka nakala na leya mbili za marekebisho zenye mipako ya kuficha sehemu (mask), RAM ya GB 8 inaanza kupumua kwa shida. Faili ya upana wa 16,384 ni GB 2 kwa leya, na hiyo siigusi kwenye laptopu yangu ya GB 16 isipokuwa kwa kuziba kasoro moja na kutoka. Kwa upande wa kuhifadhi, natumia EXR ya biti 16 (half) kwa kazi zangu na HDR ya Radiance ninapompelekea mtu mwenye bando dogo, kwa kuwa Radiance inatumia baiti nne tu kwa pikseli nzima.

Asiye na Affinity asikwame. GIMP tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inafanya kazi kwa biti 32, inafungua HDR, na ina kichujio cha Panorama Projection. Humo hupaki ukiwa umesimama ndani: unachukua mtazamo wa sakafu, unauziba ukiwa picha ya kawaida, kisha unaurudisha kwa kichujio hichohicho kikiwa kimegeuzwa. Nimeifanya mara kadhaa. Inachosha, na ukisahau namba za mzunguko ulizotumia kiraka hakikai, lakini matokeo yake ni halali. Krita nayo ni ya bure, inakwenda na EXR, na ukibonyeza W picha inajirudia pande zote, kwa hiyo mshono wa nyuma unaupaka moja kwa moja bila kuusogeza. Kwa mshono peke yake naipenda Krita kuliko zote. Photoshop ilikuwa na mtazamo wake wa panorama ya tufe, lakini ulikaa ndani ya vipengele vya 3D ambavyo Adobe walitangaza mwaka 2021 kwamba wanaviondoa, kwa hiyo simshauri mtu aanze kujifunza kazi hii kupitia mlango huo.

Mimi Affinity Photo nililipa mara moja, bila ada ya kila mwezi, na hilo lilinitosha kuamua, maana mapato ya kazi hii yanakuja kwa misimu ya ujenzi. Toka Oktoba 2025 mambo yamebadilika: Canva, walioinunua Affinity mwaka 2024, wameitoa programu mpya inayounganisha zile tatu za zamani, na ni ya bure ukiwa na akaunti ya Canva. Niliyoyaandika hapa nimeyafanya kwenye toleo la 2. Ukianza leo, anza na hiyo mpya, na kabla ya kazi yoyote pitisha jua lako kwenye kile kitelezi.

Kama mashine yako ni ya GB 8, fanya panorama ya pikseli 4,096 kwa 2,048. Leya moja ni MB 128, inazunguka vizuri ndani ya mtazamo, na jua lake la pikseli sita linatoa kivuli kikali kuliko la faili ya upana wa 16,384 lililokatwa kichwa. Mbingu iliyoonekana nyuma ya nyumba ndiyo itakayopungua ukali. Hapo weka picha ya kawaida ya upeo, uliyopiga siku ileile, saa ileile, toka kwenye traipodi ileile.